Swali Lisilo na Adui: Urithi wa Wimbo wa Maua wa Pete Seeger

Nyimbo za amani aghalabu hupimwa kwa mizani isiyozifaa. Mtu huuliza wimbo fulani ulizuia vita gani, ulikomesha mapigano ya wapi, ulimwondoa mtawala yupi katika kiti chake. Naye akiisha kuona kwamba hakuna hata jeshi moja lililokunja hema zake na kurudi nyumbani kwa sababu ya beti na mahadhi, huhukumu kuwa nyimbo hizo zilikuwa burudani tu ya watu wenye mioyo laini, zilizofaa kuimbwa jioni na kusahauliwa asubuhi. Kwa mizani hiyo mahubiri yote ya misikitini na makanisani yangekuwa bure, maana madhambi hayajaisha duniani. Makala haya yanakusudia kuuchunguza wimbo mmoja mashuhuri wa karne ya ishirini, na kudai kwamba urithi wake uko mahali pengine: uko katika namna ulivyotungwa pasipo kumalizwa, ukaachiwa wengine waumalize, na katika namna unavyouliza pasipo kumtaja adui, hata ukaweza kukaa vinywani mwa watu ambao jana yake walikuwa wakiuana. Sifa hizi mbili, ambazo ni rahisi kuzihesabu kuwa upungufu, ndizo zilizoupa umri.

Wimbo wenyewe ni Where Have All the Flowers Gone, uliotungwa mwaka 1955 na Pete Seeger wa Marekani, na ambao hapa, kwa ajili ya wepesi, tutauita Wimbo wa Maua. Aliyewahi kuusikia anajua jinsi maneno yake yalivyo machache. Huanza kwa kuulizia yaliko maua, na jibu ni kwamba wasichana wameyachuma. Wasichana nao wakiulizwa waliko, wamekwisha kuolewa. Waume zao wamevaa sare za uaskari. Askari wamekwenda makaburini. Na makaburi yamefunikwa na maua, ndipo swali la kwanza hurudi pale pale lilipoanzia. Kila ubeti humalizikia kwa kulalamika kwamba watu hawajajifunza, na kuuliza ni lini watajifunza. Hamna jina la nchi ndani yake, hamna jina la vita, hamna mfalme wala jemadari wala bendera. Mtoto mdogo huweza kuushika wote kwa kuusikia mara mbili tatu, na mzee aliyezika wanawe huweza kuuanza asiweze kuumaliza.

Mtungaji hakuliokota swali hili njiani. Baba yake, Charles Seeger, mwanachuoni wa elimu ya muziki, alikuwa akisomesha katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley wakati Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, na kwa kuvipinga vita hivyo hadharani akaipoteza kazi yake. Ndugu wa baba huyo, Alan Seeger, alishika njia iliyo kinyume kabisa: alikuwa mshairi kijana, mhitimu wa Harvard, akajiunga na Jeshi la Kigeni la Ufaransa, akatunga shairi ambalo ndani yake anayangojea mauti kama mtu anayengojea miadi, na tarehe 4 Julai 1916 miadi hiyo ikatimia katika mapigano ya Somme. Pete alizaliwa mwaka 1919, baada ya mambo hayo mawili kutokea, akakulia katika ukoo ambao vita vilimwua mmoja wao na kumnyima mwingine riziki. Wala yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kukataa kila vita, kwani katika Vita Vikuu vya Pili alivaa sare za nchi yake na kupelekwa katika visiwa vya Pasifiki, ambako kazi yake kubwa ilikuwa kuwaimbia askari wenziwe. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana wako wanaodhani kwamba Wimbo wa Maua ni kilio cha mtu asiyepata kuiona kambi.

Mwaka 1955 hali ya Seeger ilikuwa ya dhiki. Kundi lake, The Weavers, ambalo mwaka 1950 lilikuwa limeshika nafasi ya kwanza nchini kwa wimbo Goodnight, Irene, lilikuwa limevunjika mwaka 1952, baada ya waimbaji wake kutuhumiwa ukomunisti na kufungiwa milango ya redio, televisheni na majumba makubwa ya starehe. Tarehe 18 Agosti 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwachunguza watu waliotuhumiwa kuwa na mwenendo usio wa Kimarekani. Wengi walioitwa kabla yake walikuwa wamejikinga kwa kile kifungu cha katiba kinachomruhusu mtu asijishuhudie mwenyewe. Yeye hakuitaka kinga hiyo, akashika kwamba imani ya mtu na siasa yake na jamaa zake si mambo ambayo raia yeyote apasa kuulizwa kwa kulazimishwa, na kwamba juu ya nyimbo zake yu tayari kueleza. Matokeo yake yalikuwa kesi iliyomwandama miaka mingi, hata mwaka 1961 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, hukumu ambayo mahakama ya rufani iliitangua mwaka 1962.

Msanii aliyefungiwa milango hiyo yote alibakiwa na mlango mmoja ambao wenye mamlaka hawakuuona kuwa ni wa maana, nao ni ule wa vyuo. Akawa anakwenda chuo hata chuo na banjo yake, akilipwa kidogo, akiwafundisha wanafunzi kuimba pamoja naye. Ilikuwa katika safari moja ya namna hiyo, akiwa ndani ya ndege kwenda Chuo cha Oberlin katika jimbo la Ohio, ndipo alipoiona katika daftari lake mistari michache aliyokuwa ameinakili zamani kutoka kitabuni, na kabla ya safari kwisha wimbo ukawa umepatikana. Basi waliokusudia kumnyamazisha ndio waliompeleka Oberlin, na Oberlin, kama tutakavyoona, ndiko alikosoma kijana aliyeupa wimbo mwisho wake. Historia ya sanaa ina mambo mengi ya sadfa, lakini hili si sadfa tupu: marufuku yalimtoa Seeger katika soko la nyimbo zilizokamilishwa viwandani, yakamtia katika hadhara za vijana ambao wimbo kwao ulikuwa kitu cha kupokea, kugeuza na kupitisha.

Mistari ile ya daftarini ilitoka katika riwaya ya Mikhail Sholokhov juu ya Wakosaki wa mto Don, iliyotolewa kwa sehemu kati ya mwaka 1928 na 1940, na ambayo mwandishi wake alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1965. Ndani ya riwaya hiyo umo wimbo wa kale wa Kikosaki wa maswali na majibu, ambamo kila jibu huzaa swali jipya, mpaka ijulikane kuwa wasichana wamekwisha kuolewa na Wakosaki wamekwenda vitani. Tulitafakari jambo hili kwa makini. Katika mwaka ambao raia wa Marekani aliweza kunyang'anywa riziki yake kwa kushukiwa tu kuwa anaielekea Urusi, mtu aliyetoka kuhojiwa kwa tuhuma hizo hizo aliyatwaa maneno ya watu wa Urusi, yaliyohifadhiwa na mwandishi aliyeheshimiwa na dola ya Kisovieti, akayatia katika Kiingereza na katika mahadhi ambayo baadaye alikuja kuyatambua kuwa yana asili yake katika wimbo wa wakata magogo wa milima ya Adirondack. Hakuna tamko lolote la siasa katika tendo hilo, na pengine ndiyo sababu halikuzuiwa. Lakini maombolezo ya wake wa Don yakawa maombolezo ya wake wa Ohio, na hakuna aliyeona kuwa amevuka mpaka.

Beti alizotunga Seeger zilikuwa tatu tu, na ziliishia kwa askari. Yeye mwenyewe hakuuthamini sana wimbo huo. Aliurekodi katika santuri ya The Rainbow Quest iliyotolewa mwaka 1960, na katika maonyesho yake akawa ameanza kuuacha. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, kijana mmoja mhitimu wa Oberlin, Joe Hickerson, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa hazina ya nyimbo za wananchi katika Maktaba ya Bunge la Marekani, aliongeza beti za makaburi na za maua yaliyoota juu yake. Watoto wa kambi moja ya mapumziko katika jimbo la New York wakaupokea kwa sura hiyo mpya, wakarudi nao majumbani, na kutoka hapo ukaenea katika mabaraza ya waimbaji wa mjini. Seeger alipousikia, hakudai kuwa kazi yake imeharibiwa. Aliukubali, akaanza kuuimba hivyo, na akampa Hickerson fungu lake katika malipo ya wimbo.

Uzito wa beti hizo za nyongeza hauwezi kuelezwa kwa maneno machache. Bila ya hizo wimbo ungekuwa hadithi yenye mwisho: askari wamekwenda, tunawasikitikia, imekwisha. Kwa hizo umekuwa duara, na duara hulazimisha akili kufanya jambo ambalo hadithi yenye mwisho hailazimishi, nalo ni kurudi kwa maua ya kwanza na kuyaona upya. Maua yale tuliyoyaona mwanzoni, ambayo wasichana waliyachuma kwa furaha, sasa twajua kwamba yaliota juu ya kaburi la mtu. Wasichana hawakujua. Walikuwa wakijipamba kwa kile kilichobaki cha vita vya baba zao, wakielekea kuwa wajane wa vita vya waume zao. Mtunzi mmoja alianza, mwingine akamaliza, wala hawakukaa meza moja kushauriana. Na bado wimbo una umoja ambao watunzi wengi waliofanya kazi peke yao hawakuujaliwa.

Kundi la Kingston Trio liliurekodi wimbo huu mwaka 1961 kwa kudhani kuwa ni wa kale usio na mwenyewe, na baada ya kuambiwa na Seeger wakaliondoa jina lao katika utungo huo. Mwaka uliofuata Peter, Paul and Mary wakautia katika santuri yao ya kwanza, na jina la mtungaji likajulikana. Hapa haki inatutaka tusimame kidogo, kwa kuwa sifa ya kutokuwa na mwenyewe ina upande wake mchungu, na upande huo unaigusa Afrika. Seeger na The Weavers ndio walioutangaza katika Marekani wimbo walioupa jina la Wimoweh, ambao asili yake ni Mbube, wimbo wa Solomon Linda, Mzulu, uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939. Seeger alipotambua mwenyewe ni nani alimpelekea fedha na kuagiza apewe haki yake, lakini wenye biashara walikuwa na njia zao, na Linda akafa mwaka 1962 hali ya kuwa maskini; warithi wake hawakufikia suluhu na wafanyabiashara hao mpaka mwaka 2006. Kwa hiyo tunaposifu kwamba Wimbo wa Maua ulipita mikononi mwa wengi, tukumbuke kuwa Seeger aliweza kuutoa kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuuzuia. Alisema na kundi mashuhuri likamsikiliza. Ukarimu wa mtu aliyeulizwa na kunyang'anywa kwa mtu asiyeulizwa si jambo moja, na mhakiki anayevichanganya viwili hivyo kwa jina zuri la urithi wa wote huwadhulumu wale ambao urithi wao ulichukuliwa usiku.

Turudi kwenye umbo. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa kwa tabu jinsi wimbo huu ulivyofumwa, maana washairi wa pwani wana bahari yake, ile wanayoiita pindu, na wengine mkufu, ambamo kipande cha mwisho cha ubeti hushikwa na kufanywa mwanzo wa ubeti unaofuata, hata shairi zima likawa limeunganishwa pete kwa pete. Sina maana kwamba Seeger alijifunza kwetu, wala kwamba pana damu moja baina ya Don na Lamu. Nasema kwamba fani hii popote ilipo ina taathira ile ile: humnyima msikilizaji mahali pa kushukia. Kila anapodhani hoja imekwisha, neno lile lile la mwisho huinuka na kumtaka aendelee.

Na maudhui yake vile vile yana jamaa wakongwe kwetu. Kuuliza wako wapi waliokuwapo ni desturi ya makhatibu wa Kiarabu tangu zamani, nayo ilifika kilele chake katika Kiswahili kwa utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeutunga mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa mbele ya magofu ya Pate. Yeye anausemesha moyo wake, anauonyesha majumba yaliyokuwa na taa na vyombo vya kifahari na sasa ni makao ya popo na ndege, na anauuliza wenyewe wamekwenda wapi. Ukiziweka kazi hizi mbili pamoja utaona kwamba zinaanza na swali moja na kuishia katika sharia mbili tofauti. Mauti ya Al-Inkishafi ni kadari. Hakuna ayatendaye ila Mwenyezi Mungu, na ibra inayotakiwa ni zuhudi, mtu aiache dunia kabla dunia haijamwacha. Mauti ya Wimbo wa Maua ni kazi ya mikono. Askari wale hawakufa kwa sababu binadamu hufa. Walikufa kwa sababu walipewa bunduki na kupelekwa. Ndiyo maana malalamiko ya mwisho wa ubeti hayaelekezwi mbinguni. Yanaelekezwa kwa watu, na yanawadai kujifunza, na mtu hadaiwi kujifunza jambo lisilo katika uwezo wake.

Sasa natufike kwa mwimbaji ambaye, kwa maoni yangu, aliufahamu wimbo huu kuliko wengine wote, pamoja na mtungaji wake. Marlene Dietrich alizaliwa Berlin mwaka 1901. Mume wa pili wa mama yake, afisa wa jeshi la Ujerumani, alikufa kwa majeraha ya vita mwaka 1916, yaani mwaka ule ule ambao Alan Seeger aliuawa akiwa upande wa pili. Mwaka 1930 alikwenda Hollywood. Watawala wa Kinazi walipotaka arudi kuwa nyota ya sinema zao alikataa, akachukua uraia wa Marekani mwaka 1939, na wakati wa vita akafuatana na majeshi ya Washirika, akiwaimbia askari waliokuwa wakipigana na watu wa taifa lake. Vita vilipokwisha, Wajerumani wengi hawakumsamehe. Mwaka 1960 alipofanya ziara ya kuimba katika nchi yake ya uzazi alikutana na mabango ya kumtaka arudi alikotoka, na huko Düsseldorf msichana mmoja akamtemea mate usoni. Msichana huyo alikuwa mtoto mchanga wakati wa vita. Chuki aliyokuwa nayo hakuizaa. Alirithishwa, kama vile wasichana wa wimboni walivyorithishwa maua.

Mwaka 1962 Dietrich aliuimba Wimbo wa Maua kwa Kifaransa katika hafla ya UNICEF, kisha akauimba kwa Kijerumani kwa maneno ya Max Colpet, Myahudi aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler. Tuwazie jinsi mambo yalivyokutana: maneno yenye asili ya Kikosaki, Mmarekani aliyekuwa ameandamwa na kesi mahakamani, kijana wa Oberlin, mkimbizi Myahudi, na mwanamke wa Berlin aliyeitwa msaliti, wakiwaimbia watu ambao wana wao walilala chini ya ardhi ya Urusi, kando ya mito ile ile ambayo Sholokhov aliiandika. Kama wimbo huo ungalimtaja mwenye kosa, Dietrich asingaliweza kuuimba Ujerumani. Angalikuwa mwendesha mashitaka aliyerudi na hukumu mkononi, nao wangalimjibu kwa mabango. Lakini wimbo haukuwaambia walikosa. Uliwauliza vijana wao wako wapi. Mjane wa Hamburg hakuwa na njia ya kulikataa swali hilo, kwani alikuwa akijiuliza mwenyewe kila siku, na akiisha kulikubali hakuwa na njia ya kulizuia lisiende mbele hadi mwisho wake, ambako anaulizwa ni lini atajifunza. Hivyo ndivyo wimbo usio na adui unavyoweza kumfikia mtu ambaye ameziba masikio yake asisikie shutuma.

Dietrich aliupeleka pia Israeli, ambako kuimba kwa Kijerumani hadharani kulikuwa mwiko mzito, na kwa sababu zinazoeleweka: ilikuwa ndiyo lugha ya amri zilizotolewa makambini, lakini vile vile ilikuwa lugha ambayo maelfu ya waliokimbilia huko walibembelezwa nayo na mama zao. Aliuimba kwa Kijerumani, na akapokelewa kwa mapenzi. Sidhani kwamba pokeo hilo lilikuwa msamaha, na si haki ya mtu wa mbali kulipa jina hilo. Lilikuwa jambo dogo kuliko msamaha na labda gumu zaidi, nalo ni watu waliodhulumiwa kukubali kwamba lugha ya dhalimu inaweza kubeba msiba wa kweli.

Zipo nyimbo nyingine zilizovuka mistari ya vita kabla ya huu. Lili Marleen, ambao Dietrich huyo huyo aliuimba, ulipendwa na askari wa pande zote mbili katika Vita Vikuu vya Pili. Lakini Lili Marleen ulimliwaza askari ili aweze kuvumilia hadi asubuhi, na asubuhi aliendelea kupiga. Wimbo wa Maua hauliwazi. Hata mahadhi yake, ambayo ni matamu, hayamfikishi msikilizaji popote pa kupumzika.

Iko hoja nzito dhidi ya yote tuliyoyasema, na haifai kuipita kwa haraka. Yasemwa kwamba wimbo unaozungusha maua, wasichana, askari na makaburi kama masika na kiangazi huvifanya vita vionekane kuwa ni jambo la maumbile, lisilo na wenye kulianzisha wala wenye kufaidi. Vita havioti kama maua. Vina mawaziri waliotia sahihi, viwanda vilivyopata faida, magazeti yaliyochochea. Na wimbo unaowaacha hao wote nje ya beti zake, hata kama unaliza watu, unawapa wakosaji pahali pa kujificha katikati ya waombolezaji. Waziri wa vita mwenyewe aweza kuuimba na machozi yakamtoka. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na wala Seeger hakuwa mgeni nayo. Vita vya Vietnam vilipopamba moto, alitunga Waist Deep in the Big Muddy, kisa cha nahodha mpumbavu anayewalazimisha askari wake kuvuka mto ambao mwishowe unamzamisha yeye mwenyewe, na hapakuwa na Mmarekani mwenye akili aliyeshindwa kutambua kuwa nahodha huyo ni Rais Lyndon Johnson. Mwezi wa Septemba 1967, alipoalikwa katika televisheni ya taifa baada ya miaka mingi ya kufungiwa, shirika la CBS liliukata wimbo huo usionyeshwe. Mwezi wa Februari 1968, baada ya kelele nyingi, ukaruhusiwa. Huo ulikuwa wimbo wenye adui, na ulifanya kazi yake kwa ushujaa.

Basi tuzilinganishe nyimbo hizi za mtu mmoja. Ule wa nahodha ulikuwa mkali kuliko wa maua, ulikuwa wa kweli zaidi kwa siku yake, na uliwaudhi waliostahili kuudhiwa. Leo kijana akiusikia huhitaji kwanza kufundishwa Johnson alikuwa nani na alifanya nini. Wa maua haukumwudhi mtu yeyote mwaka 1955, kabla majeshi ya Marekani hayajatua Da Nang, huko Vietnam. Miaka kumi baadaye uliimbwa katika maandamano, na ukaendelea kuimbwa mpaka vita vile vikaisha vikiwa vimeua Wamarekani zaidi ya 58,000, na Wavietnamu wengi kuliko hao mara nyingi, bila ya neno lake moja kuhitaji kubadilishwa. Nionavyo mimi, si sawa kuuliza upi kati ya hizi mbili ni bora. Swali la adui lina wakati wake na lazima liulizwe kwa wakati huo. Swali lisilo na adui hubaki likingoja mtu wa kulitia jina, na kila kizazi, kwa bahati mbaya, hupata jina la kulitia.

Ithibati ya jambo hilo ilionekana mwaka 1994 huko Lillehammer, Norway, katika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Katarina Witt, mwanamke aliyekulia Ujerumani Mashariki, na ambaye medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki aliipata Sarajevo mwaka 1984 katika jumba la Zetra, alirejea mashindanoni na kuteleza juu ya barafu kwa mahadhi ya Wimbo wa Maua, akatangaza kuwa anafanya hivyo kwa ajili ya mji ule. Wakati huo Sarajevo ilikuwa imezingirwa tangu Aprili 1992. Jumba la Zetra lilikuwa limepigwa mabomu, viwanja vya michezo vya jirani yake vilikuwa vimegeuzwa makaburi kwa sababu makaburi ya zamani yalijaa, na tarehe 5 Februari, juma moja kabla ya michezo kufunguliwa, kombora moja lilikuwa limewaua watu 68 katika soko la Markale. Mahali ambapo miaka kumi nyuma vijana wa mataifa walipokea mashada ya maua, sasa walizikwa vijana wa mji. Hakuna mtunzi ambaye angaliweza kuupanga ubeti huo.

Witt alimaliza wa saba, na hakuna aliyetarajia zaidi, kwa kuwa wapinzani wake walikuwa vijana kuliko yeye na michezo yao ilikuwa migumu zaidi. Wala mzingiro wa Sarajevo haukuvunjwa na mchezo wa dakika chache. Ulidumu hadi Februari 1996. Mwenye mizani ile ya kwanza atasema tena kuwa ilikuwa bure. Lakini tuangalie kilichotendeka. Wimbo haukuwa na jina la mji wala la waliokuwa wakirusha makombora kutoka milimani. Jina la mji alilitia mwanamke mmoja, kwa hiari yake, mbele ya halaiki iliyokusanyika kwa ajili ya michezo. Seeger alikuwa ameliacha tupu pengo hilo tangu mwaka 1955, na Hickerson akaliacha vile vile mwaka 1960. Kulijaza hakukuwa kazi yao. Ilikuwa ya yule aliyeujua mji wa Sarajevo, aliyekuwa na jukwaa la kusimama, na ambaye kwa kuuchagua wimbo huo alijua kwamba watu watamwuliza sababu, naye atalazimika kuitaja.